Kigae cha Jikoni

(Hotuba iliyotolewa Kilwa Masoko mbele ya wakazi, walimu na wanafunzi. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.)

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa mbele kwenye majamvi, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Hapa mezani nina vigae viwili, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika. Vyote vimeandikwa namba ya shimo na namba ya tabaka, vimeshapimwa, na jioni vinarudi stoo. Kimoja ni cheupe, chembamba, kina maua ya buluu, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama gilasi. Kingine kimeliwa na masizi upande wa nje, ndani ni chekundu, kinene kama kidole gumba, na ukikigonga hakilii, kinatoa sauti ya kibao. Mlipokuwa mnaingia nilisimama hapa kuwatazama. Karibu kila mmoja wenu aliinamia kile cha buluu. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu wataalamu wakubwa nao walikiinamia hichohicho kwa miaka mingi, na leo nimekuja kuwaomba tukitazame kile kingine.

Mwaka 1955 mwanaakiolojia wa Kiingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani hii mpaka visiwa vya Kilwa. Alistaajabu kuona vipande vya kauri vimetapakaa ufukweni, akasema kwamba tangu karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Maneno yale yalipendwa na yalirudiwa sana. Miaka ya 1960 akaja Neville Chittick, akachimba Kilwa Kisiwani msimu baada ya msimu, na mwaka 1974 akatoa vitabu viwili vikubwa. Namheshimu Chittick. Hakuna anayeweza kuanza utafiti wa Kilwa bila kuvifungua vitabu vile. Lakini ona jina alilovipa vyungu vya wenyeji vya tabaka za chini: vyombo vya jikoni vya mwanzo. Umri wa tabaka aliutafuta zaidi kwenye vyombo vya ng'ambo, na vya jikoni vikabaki jikoni.

Sasa hesabu vigae. Katika machimbo mengi ya pwani, kuanzia visiwa vya Lamu kushuka huku kwetu, ukivitandaza vigae ishirini juu ya turubai, cha ng'ambo hakifiki hata kimoja. Kumi na tisa na zaidi ni vyungu, mitungi, mabakuli na vikaango vya udongo wa kawaida. Basi kwa miaka mingi historia ya watu hawa ilisomwa kwa kigae kimoja cha mgeni, na ndiyo maana ikaonekana kwamba miji hii ilianzishwa na wageni, Waajemi au Waarabu, waliokuja na kila kitu chao mpaka ustaarabu.

Waliogeuza mambo ni watu walioshughulika na vile kumi na tisa. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980. Alikwenda chini tabaka baada ya tabaka, akapita nyumba za mawe, akapita misikiti ya mbao iliyokuwa chini ya msikiti wa mawe, mpaka kwenye mchanga mtupu. Kule chini kabisa, karne ya 8, watu wa mwanzo wa mji ule walikuwa wanapikia vyungu vya kienyeji vilivyochanjwa pembetatu shingoni na mabegani. Upande wetu wa Tanzania, Profesa Felix Chami alivitafiti vyungu vya aina hiyohiyo, na ndiye aliyevipa jina linalotokana na hizo pembetatu. Wengine huviita vya mapokeo ya Tana, kwa ajili ya ule mto wa Kenya. Majina yanagombaniwa kidogo kwenye mikutano yetu, ila chungu ni kilekile, na kinapatikana kuanzia Lamu hadi Msumbiji, visiwani Komoro, na hata bara mbali na bahari. Hakuna Uajemi wala Uarabuni palipofinyangwa vyungu vya namna hiyo. Ni vya huku.

Mtaniuliza, tunajuaje kama ni vya huku? Pembetatu mtu yeyote anaweza kuchora. Hapo ndipo maabara inapoingia, na hapa naomba uvumilivu wenu, maana sehemu hii ndiyo ninayoipenda.

Tunachukua kigae, tunakata ukucha mdogo kwa msumeno wenye ncha za almasi. Tunaugandisha juu ya kioo kwa gundi, kisha tunausaga, tunausugua, tunausugua tena, mpaka unabaki na unene wa milimita 0.03. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Kwa unene huo, udongo uliochomwa unapitisha mwanga kama pazia la mchana. Unauweka chini ya hadubini yenye mwanga maalumu, unazungusha sahani polepole, na ghafla kigae kile cha kahawia kinawaka rangi. Punje za mchanga mweupe, ambazo wanajiolojia huziita kwatzi, zinageuka kutoka nyeupe kuwa kijivu, kisha zinazima kabisa, kisha zinarudi. Vipande vya ulanga, yale madini ya kumetameta, vinang'aa waridi na kijani kama magamba ya samaki juani. Vipande vya kombe za baharini vinaonyesha matabaka yake membamba yaliyopangwa kama kurasa. Na kati ya hizo zote ni udongo wenyewe, umenyooka upande ulikovutwa na mkono wa mfinyanzi. Ndiyo, mkono wake unaonekana. Aliyejenga chungu kwa mikunjo ya udongo, akaunga mkunjo juu ya mkunjo, ameacha maungio, na hadubini inayaona hata kama kwa nje aliyasawazisha vizuri.

Punje hizo ni kama lafudhi ya mtu. Zenye chokaa nyingi na vipande vya matumbawe zinasema ufukwe. Zenye ulanga mwingi zinasema mto, mto ulioleta mchanga kutoka miamba ya bara. Tunakwenda kwenye mabonde na kingo za mito za jirani, tunachukua udongo wa leo, tunauchoma, tunaukata vilevile, tunalinganisha. Ukilingana, tumepata jirani. Usipolingana, chungu kimesafiri, na hapo tunaanza kutafuta kimetoka wapi.

Pale macho yanaposhindwa kutofautisha mabonde mawili yanayofanana, tunapima kemia. Kuna chombo cha mkononi kinachofanana na mashine ya kusomea bei dukani: unakielekeza kwenye kigae, kinatuma mionzi ya eksirei, na kila elementi inajibu kwa mwali wake. Chuma, rubidi, stronti, zirkoni, kila moja kwa kiasi chake. Njia yenye makali zaidi ni kupiga unga wa kigae kwa nyutroni ndani ya tanuri la nyuklia, au kuuyeyusha na kupima elementi zake zile zilizomo kwa kiasi cha sehemu moja katika milioni. Vigae vilivyokaa baharini vinasumbua kidogo, chumvi imeingia na nyingine imetoka, kwa hiyo namba za mashine peke yake siziamini mpaka nimeona na hadubini imesema nini.

Na pale vipimo hivi vilipofanywa kwa vyungu vya pembetatu, mara nyingi udongo umekuwa wa jirani. Fikirini maana yake. Vyungu vinafanana kwa mamia ya maili ya pwani, lakini kila kijiji kimefinyanga kwa udongo wake. Kilichosafiri ni ujuzi. Mimi naona hapo mwanamke aliyejifunza kwa mama yake, akaolewa kijiji kingine kwa jahazi au kwa miguu, akachukua udongo wa ugenini na kuuchanja pembetatu za kwao. Hilo la mwanamke ni fikra yangu, maabara haijanithibitishia. Lakini kwamba watu hawa walijuana, wakatembeleana na wakafundishana, hilo liko kwenye udongo.

Mwaka mmoja nilichapisha picha za hadubini nikazipeleka kwa mama mmoja mfinyanzi, mtu mzima, anayefinyanga mpaka leo. Kulikuwa na picha iliyotutatiza: vipande vyenye pembe kali, vyekundu ndani ya udongo mweusi, na kila kipande kina punje zake ndogo zisizofanana na za jirani yake. Tulikuwa tunabishana kama ni mawe. Mama aliitazama, akaiweka kifuani, akasema, "Mwanangu, hili ni gae limetwangwa." Akaniambia udongo wake wa bondeni unanata mno, ukiufinyanga hivyohivyo unapasuka ukikauka, na ukiponea hapo unapasuka motoni. Kwa hiyo anatwanga vyungu vilivyovunjika anachanganya. "Udongo usio na mifupa," alisema, "haukai jikoni." Sisi tungeandika aya mbili kueleza jambo hilohilo: punje ngumu huzuia ufa usiende mbali, na chungu kinavumilia kupata joto na kupoa mara elfu. Chungu ndani ya chungu, basi. Tukisema mfinyanzi hulia gaeni tunamwonea huruma mtu anayetengenezea wengine vizuri naye akabaki na kipande. Tangu siku ile mimi methali hiyo naisikia kwa maana ya pili, kwamba gae kwake halikuwa takataka.

Moto nao unaacha hati. Kivunje kigae cha kienyeji utaona mistari mitatu: nyekundu, nyeusi, nyekundu. Ule weusi wa katikati ni majani na mizizi iliyokuwamo kwenye udongo, ambayo haikupata muda wala hewa ya kuungua yote. Hiyo inatuambia walichomea uwanjani, kuni na nyasi juu ya vyungu, moto mkali wa muda mfupi. Udongo ukishapita kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi unapoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na hapo haurudi tena kuwa tope. Lakini ukiwa na vipande vya kombe ndani usizidishe, kwa sababu kombe likipata moto mwingi hugeuka chokaa, chokaa ikinywa unyevu inavimba, na ukuta wa chungu unabanduka vipande. Tukikuta kombe zima ndani ya kigae cha miaka elfu, tunajua mfinyanzi aliuzuia moto wake mahali panapotakiwa, bila kipimajoto, kwa kutazama rangi tu.

Umri tunaupataje? Vyombo vya ng'ambo vinatusaidia, sivikatai. Mwaka 1998 ilionekana meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ikiwa na vyombo vya Kichina vipatavyo 60,000, vingi vya kutoka Changsha, na bakuli moja limeandikwa tarehe ambayo ni sawa na mwaka 826. Vipande vya bakuli za Changsha vimepatikana pia Unguja Ukuu, Manda na Shanga. Kigae cha kienyeji kilicholala tabaka moja nacho kinapata umri wa kukisia.

Lakini kigae cha jikoni kina saa yake chenyewe. Punje za kwatzi zilizomo zinapokea mionzi hafifu ya asili kutoka urani, thori na potasi zilizoko ardhini, na kila mwaka zinahifadhi nishati kidogo. Siku chungu kilipochomwa, moto uliifuta akiba yote. Tangu hapo ikaanza kuhesabu upya. Tukikipasha joto maabara, gizani, akiba ile inatoka kama mng'ao, na wingi wa mng'ao unatupa miaka, kwa kupungua au kuzidi kwa asilimia tano hadi kumi. Ila lazima tujue mionzi ya mahali pale kilipolala ni kiasi gani, yaani tunahitaji na udongo uliokizunguka. Kigae kilichookotwa kikawekwa dirishani kwa mtu, hata kiwe kizuri namna gani, saa yake hatuwezi kuisoma sawasawa.

Nimefika kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Nilipokuwa mwanafunzi, kazi yangu ya kwanza kwenye uchimbaji ilikuwa kuosha vigae. Nilipewa beseni na mswaki. Jioni moja nikapata kitako cha chungu chenye ukoko ndani, mweusi, umegandamana kama ukoko wa wali. Nikausugua mpaka ukatoka wote, kitako kikatakata. Nikakipeleka kwa kiongozi wetu nikitaraji sifa. Alikigeuza, akanyamaza kitambo kirefu, halafu akasema taratibu, "Umeosha chakula cha watu."

Ukoko ule ungepimwa kwa kaboni 14. Kaboni hiyo hupungua nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo kilichobaki kinasema chakula kile kiliungua lini. Na kwa sisi wa pwani kuna mtego: chungu kilichopikiwa samaki huonekana kikongwe kuliko umri wake, hata kwa miaka mia kadhaa, maana kaboni ya baharini ni ya zamani kuliko ya hewani. Ndiyo sababu kwanza inabidi tujue kilipikwa nini. Hilo nalo lingejulikana. Mimi nililimwaga na maji ya beseni.

Bahati njema chungu kisichopakwa rangi ya kioo kina vinyweleo, na kila mnaposonga ugali au kupika mchuzi ndani yake, mafuta yanapenya ukutani na kujificha. Yanakaa humo karne nyingi. Tunasaga gramu mbili hivi za kigae, tunayatoa mafuta kwa kimiminika maalumu, tunayatenganisha kwa mashine. Tindikali mbili za mafuta zinazopatikana kwa wingi, tukipima kaboni iliyomo ndani yake, zinatofautisha maziwa na nyama ya ng'ombe au mbuzi, jambo ambalo mifupa peke yake haiwezi kusema. Mafuta ya samaki yaliyochemka sana huacha alama zake, na nta ya nyuki zake. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda huko Manyara, vya miaka kama 3,000 iliyopita, na ndani yake mlikutwa dalili za nyama, mimea na maziwa. Sasa fikiria kuuliza swali hilohilo kwa mtungi wa Kilwa. Nani alikuwa anakula papa na nani mbuzi? Kuanzia karne ya 11 hivi, katika vyombo vya kienyeji vya pwani mabakuli ya wazi yanaongezeka pembeni ya vyungu vyenye shingo. Watafiti wengi wanasoma hapo karamu, wageni wanaolishwa, watu wanaokaa kuzunguka chombo kimoja. Nami nakubaliana nao. Ila nataka kujua kilichokuwamo bakulini, na jibu limo ukutani mwa bakuli.

Kwa hiyo niwaombe, hasa vijana. Ukiona kigae kimechomoza ufukweni au shambani, usikiokote. Kidole chako kina mafuta, na mashine zetu zinayaona. Mfuko wa plastiki una kemikali zake, nazo zinaingia. Sisi wenyewe huvishika kwa glavu na kuvifunga kwa karatasi ya alumini. Piga picha, kumbuka mahali, mwambie mwalimu au ofisi ya Mambo ya Kale. Kuchimba bila kibali ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na sababu yake si ukali wa serikali, sababu ndiyo hii niliyoieleza: kigae kikitoka mahali pake, kinapoteza umri na kinapoteza chakula chake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzuia bahari na kukarabati kuta. Kuta mlisikia zikizungumzwa sana. Lakini bahari inapokula ufukwe, kitu cha kwanza kuondoka ni jalala la zamani, na jalala ndiko vilikotupwa vile kumi na tisa.

Nimeleta hadubini, iko pale kwenye meza ya dirishani, na chini yake kuna ukucha wa kigae hiki cheusi. Nitaomba wazee wetu waanze, kisha wanafunzi kwa mstari. Zungusheni sahani taratibu mtaona punje zinavyozima na kuwaka. Halafu mkimaliza, pitieni hapa mezani mkitazame kigae chenyewe upande wa ndani, chini kidogo ya shingo, pale mfinyanzi alipoushikilia udongo kwa ndani huku akichanja pembetatu kwa nje. Kuna alama ya kidole. Mistari yake imekaa vizuri, ni myembamba, na kidole ni kidogo kuliko changu.